Nukta za Kushoto

"Leo unamkosoa nani tena, mzee?" Namalwa aliuliza huku akipangusa kioo cha kompyuta ya pembeni kwa kitambaa.

Kaindi hakugeuka. Vidole vyake viwili vilikuwa vikidonoa herufi moja moja, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Kuna jamaa wa Ufini. Ametengeneza programu safi sana, lakini iko na shida. Wacha nimwambie mapema kabla watu wamcheke."

"Na akikwambia upande ndege uende umtengenezee?"

"Si nitapanda."

Namalwa alicheka. Yeye ndiye aliyekuwa na saiba hiyo ya intaneti pale Dagoretti Corner, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Wateja wake wengine walikuja kutafuta kazi, vyuo, au wachumba wa ng'ambo. Kaindi alikuja kuwaandikia watu asiowajua, walio katika nchi asizowahi kuziona, awaambie mahali programu zao zilipokwama. Aliandika kwa adabu. Alianza kwa kumshukuru mtu kwa kazi yake, akaeleza kasoro, kisha akamtakia afya njema yeye na jamaa zake. Wengi hawakujibu. Wachache waliojibu walimfurahisha mwezi mzima.

Wakati huo ilikuwa Machi, mwaka wa 2005. Kaindi Mwololo alikuwa mkata karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapishaji nyuma ya Barabara ya Kirinyaga. Alikuwa ameikata karatasi ya Nairobi kwa muda mrefu kuliko alivyokaa na mkewe: kalenda, vitabu vya risiti, kadi za harusi, programu za mazishi. Jioni alirudi Mutuini, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyokodi kwenye shamba la mzee Mbuthia, ambako ng'ombe walilia nyuma ya dirisha na kompyuta yake ilikaa mezani ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya zamani.

Kompyuta hiyo ilitupwa na ofisi moja ya mjini iliponunua mpya, naye akaiomba. Ilipiga kelele ikiwaka. Kila Jumamosi alipita kwa wauza magazeti wa kando ya barabara, akachagua jarida kuukuu la kompyuta kutoka Uingereza, lenye sidii iliyobandikwa kwenye jalada. Jarida hakulisoma sana. Alichotaka ni ile sidii. Jumapili baada ya kanisa aliitia kwenye mashine, na mchana kutwa akajaribu kila kilichokuwamo: programu ya kuonyesha nyota zilizo juu ya mji wako, ya kuchora nyumba yenye ghorofa, ya kupiga kinanda, ya kupanga ukoo wako hadi kwa babu wa babu. Hakuwa na haja na yoyote. Nyingi zilikuwa za kuonjwa tu, zikajifunga zenyewe baada ya mwezi. Hilo halikumuudhi. Alichopenda ni kufungua mlango asioujua, akaona mtu wa mbali alivyofikiri.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kazini, kisu kikishashuka kimeshuka. Karatasi iliyokatwa vibaya ilikuwa takataka, na aliyeikata alikuwa na kesi ya kujibu. Lakini kwenye kompyuta ungeweza kukosea, ukabonyeza mahali, kosa likarudi nyuma kana kwamba halijawahi kutokea.

Programu ya yule Mfini ilikuwa ya kuzoeza madereva kuwa na macho mepesi. Katikati ya kioo palikuwa na msalaba mdogo mweupe. Uliambiwa ukazie macho msalaba, usiyaondoe. Nukta za kijani zingetokea hapa na pale, zikizima mara moja, nawe ungebonyeza kila uionapo. Mwishoni ilikuhesabia ulizoziona na ulizozikosa. Kaindi aliirudia mara nyingi. Kila mara alikuta amekosa karibu nusu nzima. Akaamua kuichunguza, na akagundua kasoro yenyewe: upande wa kulia nukta zilikuja vizuri, upande wa kushoto mashine ilihesabu tu, haikuchora chochote.

Ndivyo alivyoandika. Alimtakia Mfini afya njema, akaenda zake.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Namalwa alimwita alipomwona akipita. "Mzee! Mzungu wako amejibu!"

Kaindi aliketi akalisoma, akalisoma tena. Mfini alishukuru kwa barua nzuri kutoka mbali. Alisema ameijaribu programu kwenye kompyuta tatu tofauti, na nukta za kushoto zinatokea. Hakuna mtu mwingine aliyeleta lalamiko kama hilo. Kisha, katika mstari wa peke yake, aliandika: tafadhali mwombe mtu mwingine akae mahali pako, mtazame pamoja.

"Anasemaje?" Namalwa aliuliza.

"Anasema nijaribu tena."

Jioni ile alimwita mkewe. Nthenya alikuwa mwalimu wa chekechea kanisani, mwanamke mrefu asiyependa kompyuta kwa sababu ilikula stima na Jumapili zote. Alikuja akikausha mikono kwa leso.

"Mimi nitaangalia huo msalaba," Kaindi alimwambia. "Wewe kaa hapa kando. Ukiona nukta upande wa kushoto, sema."

"Ni mchezo?"

"Sema tu, Mama Jackie."

Akabonyeza. Akakazia macho msalaba. Nukta ikawaka kulia, akabonyeza. Nyingine, akabonyeza.

"Hiyo hapo," Nthenya alisema.

Kaindi hakuona kitu.

"Hiyo. Na hiyo hapo juu. Na hiyo... Si ubonyeze? Baba Jackie, mbona hubonyezi? Hiyo!"

Aliendelea kuita, mwanzoni kama mtu anayecheza, halafu sauti ikaanza kupungua, mpaka ikawa ananong'ona tu: hiyo, hiyo. Kisha akanyamaza. Nje ng'ombe wa Mbuthia alikohoa. Nthenya akanyoosha mkono, akaizima kompyuta kwenye swichi ya ukutani, jambo ambalo mumewe alikuwa amemkataza miaka yote.

Wote wawili walikumbuka mambo. Chai ambayo Kaindi aliimwaga kwenye harusi ya binamu. Mama aliyemgonga bega pale mjini akamtukana. Mlango wa kabati uliompasua nyusi. Nthenya alikuwa amedhani ni pombe ya kificho, akawahi hata kumnusa akiwa usingizini.

Daktari wa macho katika hospitali ya serikali alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Alimweka kwenye mashine moja baada ya nyingine, kisha akavuta kiti karibu.

"Hii ni presha ya macho, mzee. Inakula neva polepole, bila uchungu, ndiyo maana hukujua. Jicho la kushoto limeenda sana. La kulia pia limeanza, upande wa pua."

"Dawa iko?"

"Iko ya matone. Itashika hicho kilichobaki. Chenye kimeenda hakirudi."

Kaindi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia.

"Unafanya kazi gani?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

Hapo alisita. Aliona kisu, kipana kama mlango, kikining'inia kwenye grisi yake.

"Kazi ya kompyuta," alisema. "Naandika andika."

"Afadhali," daktari alisema. "Nilikuwa naogopa useme dereva."

Usiku huo alimweleza Nthenya yote, hata uongo wenyewe. Jackie, binti yao, alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni kule Machakos, na mwaka ulikuwa ndio kwanza umeanza. Kuria, mwenye kiwanda, hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa mtu wa kumweka mkata karatasi asiyeona. Hilo halikuhitaji kusemwa.

"Mpaka Jackie amalize," Nthenya alisema hatimaye. Alikuwa akitazama mikono yake. "Amalize tu mtihani. Halafu tutarudi nyumbani Mwala, tulime. Unaweza?"

"Nitakuwa mwangalifu."

"Sikuulizi hivyo. Nakuuliza, unaweza?"

"Naweza."

Na aliweza, kwa muda mrefu. Alijifunza kugeuza kichwa. Kabla ya kuvuta mkono wa mashine unaoshusha kisu, aligeuka kushoto kabisa, akapitisha macho mezani kama mtu anayefagia, kisha akarudi mbele. Ilimpunguzia kasi, lakini kazi ilitoka safi, tena safi kuliko ya zamani, kwa kuwa sasa aliigusa kila rundo kwa ncha za vidole badala ya kuliamini jicho.

Kushoto kwake ndiko alikosimama Wanjugu. Alikuwa msaidizi wake: alizigonga karatasi zikae sawa, akazisukuma chini ya kisu, akaondoa vipande vilivyokatwa, akaandaa rundo lingine. Mwanamke wa Kangemi, mjane mwenye watoto wawili, mwenye kicheko kilichoshinda kelele za mitambo kikasikika hadi mlangoni. Hakuwahi kumiliki kompyuta wala kuigusa, lakini hakuna mtu Nairobi nzima aliyezijua programu kama yeye, maana kila Jumatatu Kaindi alimsimulia.

"Haya, lete ya jana," angesema, akigonga karatasi. "Umeonja gani?"

"Ya nyota. Unaiambia uko wapi, inakuonyesha mbingu ya usiku wowote. Hata ile siku ulizaliwa."

"Na ilikuwa na nyota siku hiyo nilizaliwa?"

"Zilikuwa nyingi."

"Basi ziliniona zikahama."

Alicheka, naye Kaindi akacheka, na kisu kikashuka.

Baadaye mwaka huo, hadithi zake zilibadilika. Hakununua tena majarida kwa ajili ya nyota na vinanda. Alitafuta programu za kukuza maandishi, na zile za kusoma kwa sauti. Namalwa alimchomea sidii yenye programu moja aliyoishusha mtandaoni. Kaindi aliiweka, akafumba macho, akajaribu kuzunguka ndani ya kompyuta kwa masikio tu. Mara ya kwanza alipotea kabisa. Akarudia. Kila Jumapili alikaa macho yakiwa yamefungwa, kitambaa cha Nthenya kikiwa kimefungwa kisogoni, akiizoea nyumba ambayo angehamia.

"Siku hizi unageuza kichwa kama kuku," Wanjugu alimwambia asubuhi moja.

"Shingo. Nililalia vibaya."

"Shingo gani ya miezi? Haya, umeonja nini?"

"Ya kuongea. Unaandika kitu, inasoma."

"Kiswahili?"

"Kiswahili inasoma kama mzungu ameumwa na nyuki. Nimeandika jina langu, ikaniita Kéndai."

Wanjugu alicheka hadi akaegemea meza. Alipopata pumzi akauliza, "Sasa hiyo ni ya kazi gani?"

"Ya watu hawaoni."

"Na wewe unaitakia nini?"

Hakuwa na maana yoyote. Aliuliza tu, huku akilisukuma rundo chini ya kisu, uso wake ukiwa umemwelekea, mwepesi, ukingoja jibu la kuchekesha. Mtambo wa rangi upande wa pili ulikuwa umezimwa kidogo, na kwa muda kiwanda kilikuwa kimya. Kaindi alilisikia jibu likimjia hadi kooni.

"Najaribu tu," alisema. "Si unanijua."

"Nakujua," Wanjugu alisema.

Ukaja mwezi wa kumi, na nchi nzima ikawa inagombana juu ya kura ya maoni ya katiba mpya. Waliosema ndiyo walipewa alama ya ndizi, waliosema la wakapewa chungwa, na Kuria alichapa zote mbili. Ndizi ziliingia asubuhi, machungwa jioni, na wateja wa pande zote wakakaa benchi moja mlangoni wakisubiri mabango yao na kununiana. Kuria alipita katikati ya mitambo akipiga makofi. "Twende, twende! Tutalala baada ya kura!"

Jackie alikuwa ameshaanza mtihani. Nthenya alizikata siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa imebaki kidogo tu.

Ilikuwa saa za mchana, siku ya katikati ya wiki, jua likiingia kupitia mabati yanayopitisha mwanga. Rundo la machungwa lilikuwa chini ya kisu. Wanjugu alikuwa ameshaligonga na kulisukuma. Kaindi alizungusha gurudumu, kibano kikashuka kikaikaba karatasi. Aligeuka kushoto, akafagia meza kwa macho, ilikuwa tupu. Akarudi mbele. Kuria akaita kutoka mlangoni, "Kaindi! Hao wateja wa Kawangware wamefika, kazi yao bado?"

"Hii ndiyo ya mwisho!" Kaindi alijibu, uso ukiwa umeelekea mlangoni.

Katika muda huo, Wanjugu aliona bango moja la juu limekunjika kona. Alipeleka mkono kulinyoosha. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na kila mara, miaka yote ya nyuma, Kaindi alimwona akangoja.

Kaindi akavuta mkono wa mashine.

Hakusikia mlio wa ajabu. Kisu kilishuka kama kinavyoshuka. Kilichomshtua ni kwamba Wanjugu hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo ya mshangao, "Kaindi." Ndipo alipogeuza kichwa chote, akaona machungwa yamebadilika rangi.

Madaktari hawakuweza kuvirudisha vidole vitatu vya Wanjugu.

Baada ya siku chache afisa wa leba, idara ya serikali ya wafanyakazi, alikuja kiwandani kuandika yaliyotokea. Kabla hajafika, Kuria alimvuta Kaindi nyuma ya marobota ya karatasi. Alikuwa hajanyoa, na macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amemlilia Wanjugu kweli, Kaindi aliamini hilo.

"Sikiza, mzee wangu. Hakuna mtu anataka kumkanyaga Wanjugu. Nitamsaidia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Lakini wakisema mashine ni mbaya, wanatufungia. Watu kumi na wawili hapa. Wewe sema tu aliingiza mkono ukishavuta. Alikuwa na haraka. Si alikuwa na haraka?"

"Sote tulikuwa na haraka."

"Basi. Si uongo."

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Alimwomba Kaindi asimame mahali pake aonyeshe ilivyokuwa. Kaindi alisimama. Akashika mkono wa mashine. Kushoto kwake mtu alikuwa amesimama, huenda ni Kuria, huenda ni mwingine. Alisikia tu pumzi.

"Aliingiza mkono wakati gani?" afisa aliuliza.

"Sijui."

"Hukuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia. Sioni huku." Aliinua mkono wake wa kushoto, akauweka kando ya uso. "Hata sasa huu siuoni. Nimejua tangu mwezi wa tatu."

Mtu aliyekuwa kushoto kwake akaondoka, viatu vikisugua sakafu.

Walimfukuza siku hiyo hiyo. Kuria hakufoka. Alimpa koti lake lililokuwa kwenye msumari, akasema, "Miezi yote hiyo ulikuwa unanisalimia," akaingia ofisini.

Nyumbani Nthenya alikuwa ameketi gizani bila kuwasha taa. Habari zilikuwa zimemfikia kwa simu ya jirani.

"Ni mimi nilisema mpaka Jackie amalize," alisema.

"Tulisema."

"Ni mimi. Wewe uliniangalia tu, ukangoja niseme."

Kaindi hakubisha. Ilikuwa kweli. Kwenye meza kompyuta ilikuwa imefunikwa. Hakuigusa Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Namalwa alimpigia Nthenya kwa simu hiyo ya jirani kuuliza mzee yuko wapi, kwamba kuna programu mpya ya sauti na wameirekebisha matamshi. Nthenya akamwambia amesafiri.

Kura zilipigwa, mabango yakabaki ukutani yakipauka. Jackie alirudi na sanduku lake la bati, akaambiwa. Alilia, kisha akaanza kumtilia baba yake dawa ya macho jioni, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akilikosea jicho. Alikuwa msichana mwenye vidole vyepesi. Kaindi alilala chali juu ya kochi, tone likaanguka baridi, na akafikiri kwamba kila tone lilikuwa linalinda kitu ambacho mtu mwingine alikuwa amekilipia.

Mwezi wa kumi na mbili, siku moja asubuhi, alivaa shati la kanisani akaenda Kangemi. Nthenya alitaka kumsindikiza, akakataa.

Alikuwa amewahi kufika kwa Wanjugu mara moja, alipofiwa na mume, kiwanda kizima kilipokuja na mchango. Aliikumbuka ploti: vyumba vya mabati vikitazamana, bomba moja katikati, kamba za nguo. Aliuliza njia mara mbili. Alitembea mkono wake wa kushoto ukigusa ukuta.

Wanjugu alikuwa kwenye bomba, amechuchumaa mbele ya karai. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa nyanya yao Murang'a. Alimwona akiingia getini, hakusimama. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa mfuko wa plastiki juu ya bandeji usiingie maji.

"Kuna stuli hapo nyuma yako," alisema. "Kulia."

Kaindi aliipapasa, akaketi. Aliweka chini mfuko wa mkate na maziwa aliokuja nao. Wanjugu aliutazama, asiuguse.

"Leba walinipigia," alisema. "Wanasema kwa sababu ulisema ukweli, kesi inaweza kusimama. Wakili anasema inaweza kuchukua miaka."

"Ndiyo."

"Sijakuita uje nikushukuru."

"Sikuja kwa hiyo."

Alisugua shuka ndani ya povu kwa mkono mmoja, akilikandamiza kwenye ukingo wa karai. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira.

"Tangu mwezi wa tatu," alisema.

"Mwezi wa tatu."

"Na nilikuuliza. Ile siku ya hiyo kitu yako ya kuongea. Nilikuuliza unaitakia nini."

"Uliniuliza."

"Nilikuwa nadhani unanichekesha." Aliacha kusugua. "Kumbe ulikuwa unajitengenezea kwako pa kuhamia macho yakiisha, na mimi niko hapo hapo kando nacheka."

Kaindi alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga tangu Mutuini, kuhusu Jackie, kuhusu Mwala, kuhusu jinsi alivyogeuza kichwa kila mara, kila mara isipokuwa moja, yalikuwepo, na hakuna lililofaa kutolewa.

"Niliogopa utamwambia Kuria," alisema.

Wanjugu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa jambo la kijinga sana.

"Kuria?" alisema. "Kaindi, ungeniambia, ningesimama upande ule mwingine wa mashine. Basi. Ningehamia kulia tufanye kazi."

Kaindi aliinamisha kichwa. Alikuwa amefikiria mambo mengi miezi hiyo yote: kufukuzwa, kusamehewa, kulima, kupofuka. Hilo hakuwahi kulifikiria. Lilikuwa hatua tatu kuizunguka meza.

Wanjugu alimwaga maji machafu, akafungulia bomba, akasuuza. Kisha Kaindi akamsikia akihangaika. Alikuwa ameinua shuka, shuka kubwa la kitanda, zito kwa maji, akajaribu kulibana kwapani na kulisokota kwa mkono mzima. Likamponyoka. Maji yakamlowesha gauni hadi miguuni. Akalirudia. Likamponyoka tena, likapiga saruji kwa kishindo chepesi, naye akatukana polepole kwa Kikuyu, bila kumlenga mtu.

Kaindi alisimama.

"Nipe upande mmoja," alisema.

Redio iliendelea. Alikuwa ameshaanza kudhani angefukuzwa, aliposikia kandambili za Wanjugu zikija. Pengine alikuwa amemnyooshea shuka kwa muda naye hakuliona. Hatimaye kitu baridi, kizito, kiliwekwa katikati ya viganja vyake, na vidole vyake vikafungwa juu yake.

"Usiseme kitu," Wanjugu alisema.

Alirudi nyuma hadi shuka likanyooka. Akalizungushia mkono wake mzima mara moja, akalishindilia kifuani. Kaindi akaanza kusokota kuelekea kulia, polepole, akiuhisi upande wa pili ukikaza dhidi yake. Shuka likawa kamba. Likafupika, likawavuta wote wawili hatua moja mbele, na maji yakatoka katikati yao kwa wingi, yakapiga saruji, yakatafuta njia yake kuelekea mtaroni chini ya nguo zilizoanikwa.

"Bado," Wanjugu alisema. "Kaza."